Viporo vya Manyoni

Simu ya kunijulisha kwamba Mzee Ndahani amefariki ilinikuta mezani, mbele ya ugali na mlenda wa karanga, na nitasema ukweli kwa sababu umri niliofikia hauniruhusu tena kujipamba: niliendelea kula. Nilimaliza tonge langu, nikanawa, ndipo nikauliza mazishi ni lini. Aliyepiga alikuwa binti yake wa mwisho, ambaye mara ya mwisho nilimwona akitambaa, na sasa anaongea kama mwalimu. "Dada Mwajuma," alisema, "familia inakuomba usikose. Wewe ni mtani wetu." Nikamwambia nitakuja, tena mapema. Nilipokata simu nilijikuta natabasamu peke yangu kama mwehu. Nilikuwa nimemsubiri yule mzee miaka mingi, nimemsubiri akiwa hai, kwa jambo moja tu. Kuna neno alinitamkia mbele ya watu, nami nilitaka alirudishe kinywani mwake mbele ya watu hao hao. Hakulirudisha. Sasa kafa nalo. Basi, nikajisemea, nitamfuata nalo huko huko kaburini.

Niseme kwanza utani wetu ulivyo, maana bila huo yatakayofuata hayataeleweka hata kidogo. Mimi ni Mnyamwezi niliyekulia Itigi, kando ya reli. Mzee Ndahani alikuwa Mgogo wa Manyoni. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wapagazi wakibeba pembe kwenda pwani, na babu zao wakikaa njiani kuwatoza ushuru kwa kunywa maji. Mtani ana ruhusa asiyo nayo ndugu wala jirani. Anaweza kukutukana sokoni, anaweza kuondoka na jogoo wako, na siku ukifa anaweza kuvaa nguo zako na kukuigiza mbele ya jeneza lako, waliofiwa wakacheka katikati ya kilio. Hakuna wa kukasirika. Anayekasirika ndiye anayeonekana hana adabu. Niliyajua haya yote wakati nafunga mkoba wangu wa safari, na niliufunga kwa furaha.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya kompyuta, na umoja wa wafugaji nyuki pale Manyoni ukaniajiri niwatengenezee tovuti. Mzee Ndahani ndiye alikuwa meneja. Jengo lenyewe lilikuwa moja, nusu ofisi, nusu ghala la asali, katikati pamegawanywa kwa siling'bodi nyembamba ambayo hata mtu akimeza mate upande wa pili unasikia. Upande wa mbele kulikuwa na chumba cha mzee, chenye feni iliyozunguka baada ya kupigwa kofi, na kalenda za miaka iliyopita ambazo hakutaka zitolewe kwa sababu picha zake zilikuwa bado nzuri. Mimi niliwekewa meza ghalani, kwenye kona, kati ya ndoo za asali na magunia ya nta. Nyuki walikuwa wanaingia dirishani kutwa nzima kudai mali yao. Kibodi yangu ilinata. Nikirudi nyumbani jioni hata nywele zilinuka asali, na mpaka leo mtu akifungua chupa ya asali ya Itigi mbele yangu, ile ya miombo, nyeusi, nzito, moyo wangu unaenda mbio kabla sijajua ni kwa nini.

Saa ya chai ilikuwa inakuja birika moja la chai ya rangi, na sukari haikuwepo, tulitia asali. Mzee alikuwa anapitia ghalani kikombe mkononi, amevaa koti lake la kaki lililojaa madoa ya nta, koti ambalo alilivaa hata mwezi wa kumi jua linapopasua ardhi. Shikamoo ilikuwa lazima itangulie. Bila shikamoo hata utani hauanzi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mtani. Leo mkoba wako nani kakubebea, au umejitwisha kichwani kama babu yako?" Nami namjibu, "Nimejitwisha, mzee, tena na maji yangu nimekuja nayo, maana nikiomba kwenu mtanitoza ushuru." Alikuwa anacheka mpaka chai inamwagikia koti. Kesho anarudi na lingine. Nilimpenda yule mzee, nasema wazi. Angekuwa mtu niliyemdharau, neno lake lingeniingia sikio hili na kutokea lile, na leo hii ningekuwa nimesahau hata jina lake.

Tovuti niliyoijenga haikuwa ya kurasa zilizoandikwa mara moja zikakaa. Ilikuwa ya kupikwa papo hapo. Mnunuzi akiwa Dar es Salaam akibofya jina la Mitundu, programu inakwenda kwenye hifadhidata, inachukua ndoo zilizoingia Mitundu leo, aina ya asali, na jina la kikundi, inampakulia ukurasa mpya wa moto. Mtu wa pili akibofya baada yake, anapikiwa wake. Lakini rangi, herufi, mipangilio, nini kikae kushoto na nini kulia, hayo yote yanakaa kwenye faili moja la pembeni, faili la CSS. Mimi nilikuwa namweleza mzee kwamba hizo ni nguo za ukurasa. Mwili unazaliwa upya kila mara, nguo ni zile zile. Na kwa kuwa nguo hazibadiliki kila siku, kompyuta hazipendi kuzifuata mbali kila mara, zinatunza nakala. Hiyo nakala ndiyo iliyonila.

Maana kulikuwa na Festo. Festo alikuwa mpwa wa mzee, mtoto wa dada yake, naye amesomea kompyuta huko Dodoma, anakuja ofisini siku za kazi za hapa na pale akiwa bado hajapata ajira. Mzee alikuwa analalamika sana kuhusu bando, maana intaneti ya wakati ule ilikuwa ghali na michango ilikuwa ya wafugaji. Festo akamfungia kompyuta moja kuukuu chini ya meza, kila kitu kinachoingia chumba cha mbele kinapitia humo, na humo kinabaki nakala. Nilisikia kupitia siling'bodi anavyomweleza mjomba wake. "Chakula cha jana kipo, mjomba, kwa nini upike tena? Hii inakupa kiporo." Mzee alifurahi kupita kiasi. Yeye mwenyewe asubuhi hakula kitu kingine zaidi ya kiporo cha ugali wa uwele na maziwa ya mgando, na alikuwa akiamini watu wanaopika kila mlo wana kasoro ya malezi. Akamwambia Festo azidishe. Festo akaiamuru ile kompyuta ing'ang'anie picha zote na nguo zote mwezi mzima, hata mtu akibofya kuomba kipya apewe kile kile. Waya wa chumba cha mbele haukufika ghalani. Mimi nilitumia kimodemu cha kuchomeka, kwa hiyo kiporo cha Festo sikuwahi kukionja.

Ukafika msimu baada ya mavuno ya asali, na mkutano mkubwa. Wafugaji walikuja kutoka Mitundu na vijiji vingine, mama mmoja amebeba sega zima kwenye beseni kama anakwenda harusini, na mnunuzi mkubwa alikuwa amesafiri kuja kuona. Nilikuwa nimefanya kazi wiki kadhaa kuivisha tovuti nguo mpya kwa ajili ya siku hiyo. Nilibadilisha kila kitu, hata majina ya sehemu ndani ya ukurasa. Ghalani kwangu ilikuwa inapendeza, rangi ya asali juu, vijiji vimepangika, mtu ukiona unataka kulamba kioo. Tukajazana chumba cha mzee, wengine wakachungulia dirishani. Mzee akapiga feni kofi, akakaa, akafungua tovuti kwenye kompyuta yake yenye kisogo kikubwa.

Ilikuwa takataka. Mwili mpya umevishwa nguo za zamani. Majina ya vijiji yamerundikana kushoto kama nguo za mnadani, maandishi ya njano juu ya weupe hayasomeki, uzito wa asali umekaa juu ya jina la kikundi, na picha ya mzinga imeziba kila kitu katikati. Mnunuzi alikohoa. Mama mwenye beseni akauliza kwa sauti, "Mitundu yetu iko wapi hapo?" Mzee akabofya kuomba upya, akabofya tena, ikaja ile ile. Ndipo nikatamka jambo ambalo kila mtu wa kazi yangu amewahi kulisema, na lililowahi kuwaponza wengi. Nikasema, "Mzee, mbona kwangu inaonekana vizuri."

"Kwako wapi?"

"Kwenye kompyuta yangu, ghalani. Twendeni tu mkaone."

"Mnunuzi hanunulii kwenye kompyuta yako," alisema. Kisha akageuka na kiti kizima. Hakuwa na hata chembe ya kicheko usoni. "Mimi naangalia kwa macho yangu. Hawa wote wana macho. Wewe unatuambia tunachokiona sicho. Binti, wewe ni mwongo."

Aliniita binti. Hakuniita mtani. Ndipo nilipojua kwamba huo haukuwa utani, na kila mtu aliyekuwemo mle alijua, maana kicheko kilichokuwa kimeanza kule dirishani kilikatika. Kwa watu wetu kuitwa mwongo na mzee mbele ya kikao si jambo la kujifuta vumbi ukaondoka. Linakutangulia. Ukienda kijijini kuchukua taarifa za asali wanakuuliza mara mbili, ukitaja uzito wanaangaliana. Na Festo alikuwa pale pale mlangoni, mikono mfukoni, anaangalia ncha ya kiatu chake. Alijua. Kijana aliyefunga ile kompyuta kwa mikono yake, akaiamuru ing'ang'anie nguo mwezi mzima, aliuona ule uchafu akajua umetoka wapi, kama mpishi anavyojua chumvi aliyoitia mwenyewe. Angesema neno moja, "Mjomba, ni kiporo," tungecheka wote na mkutano ungeendelea. Alinyamaza. Angesema, lawama zingemwangukia yeye. Akaona heri niangukiwe mimi.

Kesho yake asubuhi nilifika nikamkuta Festo ameshatangulia. Nikakaa kwenye meza yangu, nikasikia upande wa pili sauti ya mzee imechangamka. "Ee, sasa hii ndiyo kazi. Umeifanyaje?" Na Festo, kwa unyenyekevu wa kukopa, "Palikuwa na makosa mengi, mjomba. Nimeyashughulikia." Nikafungua mafaili yangu kwenye seva kule yanakokaa, nikakagua moja baada ya jingine. Hakuna lililoguswa. Saa ya mwisho ya kubadilishwa ilikuwa yangu mimi, kabla ya mkutano. Ile tovuti nzuri aliyokuwa anaisifia mzee ilikuwa ni ya kwangu, nukta kwa nukta. Mchana wake, nikiwa namenya chungwa, nikamsikia Festo anaongea kwenye simu na rafiki yake, anacheka kwa chini. "Sijafanya kitu bwana. Nilifuta viporo tu, ikakaa sawa. Mzee anadhani nimefanya miujiza." Chungwa lile sikulila. Nakumbuka nililiweka juu ya ndoo, nyuki wakalivamia, nami nikawa nawaangalia tu.

Nilimwendea mzee. Nilianza na shikamoo, nikasimama kwa adabu, nikamweleza habari ya kiporo tangu mwanzo. Akanisikiliza. Kisha akasema, "Juzi hapakuwa na tatizo. Jana ilikuwa mbaya, leo ni nzuri. Katikati alikuwepo Festo. Wewe ulikuwa wapi?" Nikamwambia nimemsikia Festo mwenyewe akisema. Uso wake ukabadilika. "Unasikiliza ukutani?" Nilikuwa na ukweli mkononi, lakini nilikuwa nimeupata kwa njia isiyo na heshima, na mbele ya mzee huwezi kuendelea. Kazi ya tovuti akapewa Festo. Mimi nikaambiwa nibaki ghalani nisaidie kuchuja asali mpaka hapo itakapoamuliwa. Meza yangu ikahamishiwa mbele, kwa Festo, mimi nikabaki na chujio na ndoo. Chai iliendelea kuja na birika lile lile. Mzee akipita ghalani nilitoa shikamoo, akaitikia marahaba, na hapo tukaishia. Utani ulikufa. Sikuweza kumtania mtu aliyeniita mwongo, naye nadhani hakuweza kunitania kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa nifike kwenye sehemu tamu. Nimeisimulia mara nyingi kwa vijana ninaofanya nao kazi, na kila mara naisimulia kwa raha mpya. Mvua za kwanza zilipoanza, mzee alitaka asali ya nyuki wadogo iwe na ukurasa wake, na rangi zibadilishwe. Festo akabadilisha faili la nguo, akafuta viporo vyake chini ya meza, chumba cha mbele kikapendeza. Mzee akasifia. Lakini si muda simu ikapigwa, na siling'bodi ikanifanyia hisani yake. Alikuwa yule mnunuzi. Anasema kwake Dar ukurasa umeparaganyika, haoni kitu. Festo akaja kwenye simu, akasema ameshatengeneza. Mnunuzi akasema kwake bado. Wiki ile wakapiga na wengine. Ikawa Festo anabadilisha, anapakia, anabadilisha, anapakia, na huko nje watu wanaona uchafu ule ule, kwa sababu kila kompyuta duniani ina kabati lake la viporo, na wale wanunuzi walikuwa bado wametunza nguo nilizoshona mimi. Chini ya meza ya mjomba wake angeweza kufuta. Je, angeenda kufutia mezani kwa kila mtu huko Dar?

Akaja ghalani. Alikuja taratibu, akijifanya anaonja asali, akasimama karibu na ndoo niliyokuwa nachujia. "Dada Mwajuma, habari za kazi. Hebu niangalizie kidogo ile tovuti. Nadhani seva ina matatizo." Dawa nilikuwa nayo, wala si dawa kubwa. Unalipatia lile faili jina lenye nambari mkiani, ukibadilisha nguo nambari nayo inabadilika, basi kila kompyuta inadhani ni kitu kigeni na inakifuata upya. Na kwa kuwa ukurasa unapikwa na programu, unaiambia programu yenyewe iweke hiyo nambari kila faili linapoguswa, hutasumbuka tena maisha yako yote. Mstari mmoja. Nilimwangalia Festo, nikamwangalia vizuri mpaka akahamisha mguu. Kisha nikachukua simu yangu, nikafungua tovuti ambayo nilikuwa nimeshaifutia viporo asubuhi ile kwa makusudi, nikamwonyesha. Nikasema, "Mbona kwangu inaonekana vizuri."

Alielewa. Akatoka bila kuaga, na nyuki mmoja akamfuata mpaka mlangoni, nami nikampongeza yule nyuki moyoni. Watu wananiuliza kama sikujutia. Nijutie nini? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Asali haikuharibika, wafugaji hawakupoteza, wanunuzi walimpigia mzee wakauliza kwa mdomo na ndoo zikaenda. Aliyeumia ni Festo peke yake, na kidogo mjomba wake, kwa kila simu iliyomkuta mezani ikimwambia kwamba asichokiona yeye wengine wanakiona.

Ndipo siku moja mzee akaja ghalani bila kikombe. Akageuza ndoo tupu, akaikalia, na koti lake likagusa sakafu. Alikaa akiniangalia nachuja. Nilijua kabisa alichokuja nacho. Kilikuwa kimemjaa shavuni. Niliendelea kuzungusha mwiko, sikumsaidia, nikasubiri. Mwishowe akasema, "Asali ya mwaka huu nzito, mtani." Mtani. Lilikuwa limerudi hilo, lakini sicho nilichokuwa nadai. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Akainuka, akajikung'uta, akatoka. Mwezi ule niliacha kazi, nikapanda basi, nikaanza maisha yangu kwingine. Nimetengeneza tovuti za watu wengi tangu hapo. Ule mstari mmoja naandika kila mahali, ndio wa kwanza, kabla sijaandika hata jina la mteja, na kila nikiuandika namkumbuka Festo na ncha ya kiatu chake.

Nilifika msibani asubuhi. Nyumba ya mzee ilikuwa ile ile, ya tembe upande mmoja na bati upande wa pili, watu wamejaa uani, kwaya ya kanisani kwao imeshajipanga. "Mbukwenyi," nikawasalimia kwa Kigogo, na akina mama wakageuka. "Mnyamwezi amefika. Haya, ficheni kuku." Wakaanza kucheka na machozi yangali mashavuni. Mjane, Mama Ndahani, alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nilimpigia magoti, nikampa shikamoo na pole. Alinishika mkono, akamwashiria binti yake. Binti akaingia ndani, akatoka na koti la kaki. Madoa ya nta yalikuwa yako pale pale. "Livae," alisema mjane. Nikalivaa. Mikono ilinizidi, na lilinuka asali na tumbaku, na kwa kweli ilibidi nisimame kidogo nipumue. Halafu nikakumbuka nilichojia.

Jeneza lilipobebwa kuelekea kaburini, nilitangulia, nikakaa chini katikati ya njia, nikanyoosha miguu. Nikakohoa kikohozi chake. Watu wakaangua kicheko, maana kilitoka sawasawa. "Hapiti mtu," nikasema kwa sauti yake, ile ya puani. "Mimi naangalia kwa macho yangu." Wanaume wenye jeneza wakasimama. Mtu akatoa noti, akanirushia miguuni kama ilivyo desturi, nikairudisha. Mwingine akaahidi jogoo. "Jogoo wa Kigogo ana njaa kuliko mimi," nikasema, wakacheka tena. "Namtaka mpwa wangu. Festo yuko wapi?"

Alikuwa chini ya jeneza lenyewe, bega la mbele kulia. Sikuwa nimemtambua. Amenenepa, ana kipara na tai. Aliniona, na nikaona amekumbuka yote, mpaka ghala na ndoo.

"Festo, mwanangu," nikasema, "siku ile ya mkutano, kesho yake asubuhi, kwenye ile tovuti ulibadilisha nini?"

"Dada Mwajuma, jamani, hapa ni msibani."

"Dada yako yuko wapi hapa? Mimi ni mjomba wako. Nauliza."

Wenzake walikuwa wanatoka jasho. "Jibu, bwana," mmoja akamnong'oneza, "mzee mzito huyu." Watu wote wanasubiri kichekesho. Festo hakuwa na pa kwenda. Hawezi kukasirika, hawezi kuondoka, hawezi kuweka chini jeneza la mjomba wake. Akakaza macho kwenye kiatu chake, kile kile alichokuwa anakitazama mwaka ule, nadhani. "Sikubadilisha kitu, mjomba," alisema. "Nilifuta viporo tu."

"Sema wakusikie na wa nyuma."

"Sikubadilisha kitu. Kazi ilikuwa ya Mwajuma."

Nikainuka, nikajikung'uta kama alivyokuwa anajikung'uta mzee. Nikageukia umati, na kwa sauti yake Ndahani nikasema, "Basi nilikosea. Yule binti hakuwa mwongo." Wakapiga makofi, wakacheka, mama mmoja akapiga kigelegele, nami nikapisha njia. Wengi hawakujua tunaongelea nini, na hata sikujali. Nilimfuata mzee mpaka kaburini nikiwa ndani ya koti lake, moyo wangu umesuuzika, mwepesi kabisa. Nilitupa udongo wangu kwa mkono wote.

Baada ya mazishi walipakua wali na nyama. Mama Ndahani akaniita jikoni nyuma, akanipa kiti kidogo karibu na sufuria, akanitilia chai, na pembeni akaweka bakuli la asali badala ya sukari. Nilitaka kuvua koti nimrudishie. Akanizuia.

"Ni lako. Alisema mwenyewe. Tangu alipoanza kuugua, kila siku ni hilo tu. Nikifa mwiteni mtani wangu yule Mnyamwezi, mumpe koti, yeye anajua la kusema."

Nikaweka kikombe chini. "Kumbe alikuwa anajua?"

"Alijua tangu mwaka ule ule. Alikwenda Dodoma, akaingia kwenye duka la intaneti, akaona mwenyewe ukurasa ule ule umeparaganyika, wakati ofisini kwake ni mzuri. Akarudi akambana Festo. Alikuja kukwambia huko ghalani, mwanangu. Alirudi nyumbani hakula."

"Sasa kwa nini hakusema?"

Mama Ndahani alinitazama kama nimeuliza kwa nini mvua hainyeshi kutoka chini. "Mzee amwombe radhi mtoto? Amwambie nini?" Akanisogezea bakuli. "Lakini leo amesema. Tumemsikia wote."

Miaka yote ile nimepanga, nimefunga safari, nimekaa vumbini mbele ya jeneza, nikadhani namlipiza kisasi. Kumbe kazi ilikuwa ya kwake. Alikuwa na mzigo mmoja alioshindwa kuubeba, na alijua kabisa ni nani wa kumtwisha, akanivisha na sare kabisa. Nilisikia hasira inanipanda upya, ya moto, kama siku ile ya mkutano, na hakukuwa na wa kumpa. Koti limetundikwa nyuma ya mlango wa ofisi yangu hivi sasa ninavyoandika. Wateja wakiuliza ni la nani, nawaambia ni la Mgogo mmoja wa Manyoni, aliyempata Mnyamwezi wa kumbebea mzigo wake mpaka mwisho wa safari, na ushuru wa maji hakumrudishia.